Waganga wa Miti Mikongwe

Kila mtu aliyekaa pwani amjua mkwezi. Huja asubuhi na panga lake na kitanzi cha kamba, akatia miguu katika vidato vilivyochongwa shinani mwa mnazi, akapanda mpaka kileleni kama mtu apandaye ngazi ya nyumba yake. Neno hilo kidato limesafiri mbali: wanafunzi wa shule za sekondari huhesabu miaka yao kwa vidato, na wengi hawakumbuki kwamba jina ni lile lile la alama zilizochongwa mtini. Mkwezi hupanda ili aangushe nazi, kisha hushuka apate ujira wake.

Lakini iko kazi nyingine ya kukwea, isiyojulikana sana kwetu. Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu ambao hupanda miti isiyowapa tunda lo lote. Hawapandi ili wavune, wala si ili waiangushe. Wapanda ili kuutunza mti uliokwisha kuwa mkongwe, uliotoboka shina na kuoza moyo, ambao mtu mwingine angeutazama na kusema kwamba haufai ila kuni. Tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu historia ya kazi hii, kwa maana ndani yake mna fundisho lililogharimu miti mingi kabla halijafahamika: kwamba mapenzi ya kuponya hayatoshi, kama mponyaji hajui kile anachokiponya huishije.

Tuanze na Uingereza, mwishoni mwa karne ya 18. Wakati huo manowari za Waingereza zilijengwa kwa mbao za mwaloni, na mwaloni hutaka miaka mia au zaidi kabla haujafaa kwa merikebu kubwa. Kwa hiyo mti ukioza, hasara ilikuwa ya taifa zima. Basi alikuwako mtunza bustani wa Mfalme George wa Tatu, jina lake William Forsyth, aliyetangaza kwamba amevumbua dawa ya majeraha ya miti. Dawa yenyewe ilikuwa mavi mabichi ya ng'ombe, chokaa ya kifusi cha majumba ya kale, majivu ya kuni na mchanga kidogo, vyote vikachanganywa na kupakwa penye jeraha. Bunge lilimpa pauni 1,500 ili aitoe siri yake, naye akaichapisha mwaka wa 1791. Alidai kwamba hata mti uliokuwa umebaki ganda tupu huweza kurudishiwa mbao nzima. Walakini mwaka wa 1802 Thomas Andrew Knight, bingwa wa miti ya matunda, alimpinga waziwazi, akasema kwamba mbao iliyokwisha kuoza hairudi kuwa nzima kwa dawa yo yote.

Watu hawakuacha kutafuta. Mwaka wa 1878 mtaalamu wa Kijerumani, Robert Hartig, alionyesha kwamba kuoza kwa mbao ni kazi ya kuvu, yaani vile viumbe vya jamii ya uyoga, ambavyo nyuzi zake hupenya ndani ya mti na kuula. Ndipo watu walipowaza hivi: kama adui ni kuvu, na tumkwangue atoke, kisha tuuzibe mlango alioingilia.

Aliyeieneza fikira hiyo kuliko wote alikuwa John Davey. Alizaliwa katika jimbo la Somerset, Uingereza, mwaka wa 1846, mwana wa watu wa shamba, na hata ujana wake ulipofika alikuwa hajajua kusoma. Alijifunza akiwa mtu mzima. Mwaka wa 1873 alivuka bahari kwenda Marekani, akakaa katika mji wa Kent, jimbo la Ohio. Huko aliona miti ya barabarani ikikatwa ovyo na kuachwa ife, akahuzunika, na mwaka wa 1901 akatoa kitabu alichokiita Tabibu wa Miti. Akawafundisha vijana kupanda miti kwa kamba, kuondoa matawi yaliyokufa, kukwangua mbao iliyooza mpaka ionekane iliyo hai, na kulijaza pango la mti kwa saruji kama fundi wa meno azibavyo jino. Mpaka alipofariki mwaka wa 1923, kazi yake ilikuwa imeenea, na miti mingi ya Marekani ilibeba saruji tumboni mwake. Hatumdharau Davey. Kabla yake mti mkongwe ulikuwa kuni tu machoni pa wengi. Yeye aliwafundisha watu kwamba mti wastahili kuuguzwa.

Ufundi wa kukwea nao uliendelea. Mwaka wa 1931 Karl Prusik, mpanda milima wa Austria, alieleza fundo ambalo husogea juu ya kamba likisukumwa kwa mkono, lakini hubana papo hapo likivutwa na uzito wa mtu. Kwa mafundo ya namna hiyo mkwezi aweza kuning'inia katikati ya matawi, mikono yake ikiwa huru kwa kazi, wala asianguke akiteleza. Wengine walivaa viatu vyenye miiba ya chuma, wakauchoma mti kila hatua. Baadaye iliamriwa katika kazi hii kwamba miiba ni kwa mti unaokwenda kuangushwa tu. Mti unaotakiwa kuishi hukwewa kwa kamba. Hapa msomaji wa pwani atauliza: Mbona sisi twachonga vidato na mnazi haufi? Jibu ni kwamba mnazi haukui kama mwembe au mwaloni. Hauna ile ngozi nyembamba iliyo hai, kati ya gome na mbao, ambayo huunenepesha mti mwaka kwa mwaka. Kidato cha mnazi hubaki vile vile siku zote. Lakini jeraha la mwaloni hufunikwa na mbao mpya, na lililofunikwa si lazima liwe limepona.

Aliyelithibitisha jambo hilo ni Mmarekani Alex Shigo, aliyezaliwa mwaka wa 1930 na kufariki mwaka wa 2006. Alikuwa mtumishi wa idara ya misitu ya serikali. Watangulizi wake waliukata mti kwa upana, wakaona duara tu; yeye alitwaa msumeno wa mota akaipasua miti kwa urefu, maelfu kwa maelfu, akafuata kila jeraha tangu gome mpaka moyo. Mwaka wa 1977 alitangaza aliyoyaona. Mwili wa mtu, ukijeruhiwa, huondoa nyama iliyokufa na kuotesha nyingine mahali pale pale. Mti hauwezi hivyo. Mti hujenga kuta: ukuta wa juu na chini, ukuta wa ndani, ukuta wa pande mbili, na ukuta wa nne, ulio imara kuliko yote, ambao hutenga mbao iliyokuwapo siku ya jeraha na mbao zitakazoota baadaye. Uozo hufungiwa humo kama mfungwa, na mti huendelea kuishi nje ya gereza hilo.

Wasomaji wataona mara moja matokeo yake. Yule tabibu aliyekwangua uozo mpaka kwenye mbao iliyo hai alikuwa akiuvunja ukuta ambao mti ulikuwa umejenga kwa miaka mingi, akamfungulia adui mlango. Kadhalika rangi na lami zilizopakwa penye majeraha hazikuzuia kuoza. Na yule aliyelikata tawi sawasawa na shina, ili pawe laini na pazuri, alikuwa akikata kile kivimbe kama pete kilicho penye mzizi wa tawi, ambacho ndicho mahali mti unapojilinda. Tangu hapo tawi hukatwa nje ya pete hiyo.

Twaweza kuyaona hayo katika mahali pawili pa Uingereza. Pa kwanza ni msitu wa Burnham Beeches, magharibi ya London, ulionunuliwa na Baraza la Jiji la London mwaka wa 1880. Miti yake ilikuwa imepogolewa kwa mamia ya miaka, juu kidogo kuliko ng'ombe awezavyo kufikia, watu wakipata kuni na mti ukichipua tena. Katika karne ya 19 desturi hiyo iliachwa. Matawi yakanenepa na kuwa mazito mno, vigogo vyenye mapango vikaanza kupasuka. Watu walipotaka kuirudia kazi ya wazee wao, wakakata matawi yote kwa mara moja, miti mingi ilikufa, maana mti mkongwe ulionyang'anywa majani yake yote hauna akiba ya kuanza upya. Ndipo walipojifunza kukata kidogo, kungoja miaka, kutazama machipukizi, kisha kukata kidogo tena. Helen Read, aliyefanya kazi katika msitu huo, aliyakusanya mafunzo ya namna hiyo katika kitabu kilichotolewa mwaka wa 2000.

Mahali pa pili ni Sherwood, penye mwaloni uitwao Major Oak, jina ulilolipata kwa Meja Hayman Rooke aliyeueleza katika kitabu mwaka wa 1790. Umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka 800 na 1,100. Mwaka wa 1908 ulifungwa minyororo ili matawi yasivunjike, na baadaye uliwekewa nguzo za kuyategemeza. Lakini madhara mengine yalitoka kwa wale walioupenda: wageni wengi walikwenda kuutazama, na nyayo zao zikaushindilia udongo, maji na hewa visiifikie mizizi. Katika miaka ya 1970 ukazungushiwa ua.

Hivyo mkwezi wa miti mikongwe, katika siku hizi zetu, hupanda ili afanye machache. Hulipunguza tawi refu, upepo usilipasue shina, akifuata njia ya mti wenyewe, kwa kuwa mti ukizeeka huacha kilele chake kikauke na kuotesha kichwa kipya chini yake. Pango huliacha wazi, maana bundi, popo na wadudu wengi wamefanya makao humo, na shina lenye uwazi laweza kusimama imara kama mwanzi. Tawi lililoanguka huachwa chini lioze liwe mbolea. Na kazi anayoianza leo huenda ikamalizwa na mtu ambaye hajazaliwa. Waingereza husema kwamba mwaloni hukua miaka 300, hukaa miaka 300, na hufa miaka 300. Hakuna fundi awezaye kuuona mwisho wa kazi ya namna hiyo.

Wazee wetu walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Kwetu nako iko mibuyu na miembe iliyopandwa au kuachwa na watu tusiowajua majina, na chini yake yamefanyika mabaraza, masoko na masomo. Siku mti wa namna hiyo utakapoonyesha pango, watatokea wawili: mmoja na shoka, akisema umekwisha, mwingine na saruji, akisema atauponya. Yatupasa kuwazuia wote wawili kwa muda, tukautazama kwanza mti wenyewe, tuone umekwisha kujenga ukuta gani.