NJIA MBILI ZA KUIAGIZA KOMPYUTA
Somo la historia kwa redio, kwa madarasa ya watu wazima

Leo tutajifunza historia ya njia mbili za kuiagiza kompyuta. Pengine mtauliza: sisi wakulima wa chai na ndizi, jambo hili latuhusu nini? Latuhusu sana. Siku hizi hesabu nyingi za watu zimo ndani ya mashine hizo: malipo ya mazao, madeni, chanjo za watoto. Mtu asiyejua hesabu yake inavyotunzwa, siku inapokosewa hajui aulize nini.

Kwanza, kompyuta ni nini? Ni mashine ifanyayo yale tu iliyoagizwa. Orodha ya maagizo yake huitwa programu. Mashine za kwanza ziliagizwa kwa tarakimu tupu, kazi iliyowachosha hata wataalamu. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa lugha ya maagizo iitwayo Fortran, kwa ajili ya hesabu za wataalamu. Mwaka 1960 ikatangazwa lugha nyingine, COBOL, kwa kazi za maofisini kama mishahara na bohari. Lugha hizo zilifuata njia ya kwanza, yaani njia ya hatua.

NJIA YA HATUA

Tufikiri juu ya kituo cha kununulia majani ya chai. Mezani pana kitabu kimoja kikubwa chenye hesabu za wakulima wote. Karani wa kwanza anapima mzigo. Wa pili anatoa uzito wa gunia. Wa tatu anazidisha kilo kwa bei. Wa nne anakata deni la mbolea. Wa tano anaandika malipo. Kila mmoja anakivuta kitabu kwake, anaandika, anampa mwenzake.

Hiyo ndiyo njia ya hatua. Kinachotangulia ni kazi: fanya hili, kisha lile. Hesabu zenyewe zimelala mezani, zikingoja kuandikwa. Njia hii si mbaya. Kwa kazi ndogo ni nyepesi, na hata leo hutumika.

Shida huja kazi inapokua. Tuseme makarani ni hamsini, na kitabu ni kile kile. Siku moja mkulima anakuta kilo zake zimepungua. Nani alizigusa? Hamsini wote wangeweza. Tena, kitabu kikiongezwa safu moja, makarani wote sharti wafundishwe upya, na mmoja akisahau, anaandika deni mahali pa malipo. Programu kubwa za hatua zilipatwa na shida ya namna hiyo hiyo.

WATU WAWILI WA OSLO

Walioleta njia ya pili walianza kwa kutafuta jambo jingine. Walikuwa Wanorway wawili, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl, katika Kituo cha Kompyuta cha Norway mjini Oslo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitaka kuigiza ndani ya mashine kazi zenye foleni, ili watu wajue mapema, kwa mfano, daraja jipya litakuwa na msongamano kiasi gani. Lugha waliyoitunga waliiita Simula, na mwaka 1967 wakatoa Simula 67.

Mfano wao mmoja ulikuwa daraja la kulipia ushuru, ambapo malori na mabasi yanapanga foleni. Sisi tunaoijua barabara ya Mbeya, Tukuyu hadi Kyela hatuoni shida kuuelewa. Waliona kwamba foleni haielezeki vizuri kwa hatua peke yake. Foleni ina vitu, na kila kitu kina habari zake na mambo kinayoweza kufanya. Lori lina uzito wake na saa yake ya kufika. Linajua kusimama, kulipa na kuondoka.

Wakaona na jambo la pili. Lori ni gari, na basi ni gari. Kwa nini kuandika mambo ya gari mara mbili? Basi, waliandika aina moja, gari, yenye yale yote magari yanayoshiriki. Kisha wakasema: lori ni gari lenye shehena, basi ni gari lenye abiria. Aina ndogo inapokea mambo ya aina kubwa, kama mtoto anavyorithi kwa mzazi wake, halafu inaongeza yake. Jambo hili huitwa urithi.

NJIA YA VITU

Turudi kituoni kwetu. Ondoa kile kitabu kikubwa. Mpe kila mkulima sanduku lenye kufuli, na ndani yake kitabu chake peke yake. Sanduku hilo linajua mambo matatu tu: kupokea kilo, kupokea deni, na kutaja malipo. Karani hatii mkono ndani. Analiambia, "Pokea kilo ishirini," nalo lenyewe linaandika. Kanuni ya kukata deni ikibadilika, inabadilishwa mahali pamoja, katika maelezo ya aina iitwayo sanduku la mkulima, na masanduku yote yanaifuata. Kilo zikipungua, tunajua pa kutazama kwanza, kwa kuwa mlango wa kuingilia ni mmoja.

Hiyo ndiyo njia ya vitu. Hesabu na kazi zinazohusu hesabu hiyo vinakaa pamoja, na hesabu inalindwa.

Njia hii ilienea polepole. Katika miaka ya 1970 Alan Kay na wenzake wa kampuni ya Xerox, California, walitunga lugha iitwayo Smalltalk, ambayo ndani yake kila jambo ni kitu. Mwaka 1979 Bjarne Stroustrup wa Denmark, aliyewahi kuitumia Simula alipokuwa akisoma Cambridge, alianza kuzitia aina hizo katika lugha ya C. Hapo ikazaliwa C++. Mwaka 1995 kampuni ya Sun ikatoa Java, ambayo ilienea duniani kote.

NANI AELEWE MASHINE?

Nygaard hakuishia kwenye lugha. Aliona kwamba mashine zitabadili kazi za watu, na watu hao hawaulizwi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi pamoja na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norway, ili mafundi wa kawaida wajifunze habari za kompyuta zilizoletwa viwandani mwao. Mwaka 1975 vyama vya wafanyakazi na waajiri wa nchi hiyo walikubaliana kwamba wafanyakazi waelezwe juu ya mashine hizo kwa maneno yanayoeleweka na mtu asiye mtaalamu.

Na kwetu? Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine haikwenda vizuri, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hayo yaliondolewa baadaye. Tusiwacheke viongozi wa siku hizo. Wataalamu walikuwa wachache na fedha za kigeni zilikuwa haba. Lakini tuone tofauti: swali lilikuwa moja, yaani tufanyeje na mashine tusiyoielewa? Sisi tulifunga mlango. Wafanyakazi wa Norway walianzisha darasa.

HABARI HIZI ZIMEFIKA RUNGWE

Kina mama wanajua kwamba zahanati huandika wagonjwa, wajawazito na watoto katika vitabu vya MTUHA. Jumla za vitabu hivyo hupelekwa wilayani na kutiwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Mfumo huo, ambao asili yake ni kazi iliyoanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990, huongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, pale pale Nygaard na Dahl walipofundisha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki katika kuuleta kwetu. Umeandikwa kwa Java, yaani kwa njia ya vitu. Ndani yake kila zahanati ni kitu chenye jina na hesabu zake, na kinajua kiko chini ya wilaya gani, na wilaya chini ya mkoa gani.

Lakini sikilizeni vizuri. Sanduku lenye kufuli hulinda kile kilichotiwa ndani. Mkulima akileta kilo 28 na karani akaandika 18, mashine itailinda ile 18 kwa uaminifu mkubwa. Mtoto aliyechanjwa asipoandikwa, hesabu ya wilaya itasema hakuchanjwa. Mashine haikuwapo kwenye mizani wala haikuiona sindano. Wewe ulikuwapo. Kwa hiyo soma risiti yako kabla ya kuondoka kituoni. Soma kadi ya kliniki ya mwanao kabla ya kutoka zahanati. Ukiona kosa, uliza: nani ameandika, na kwa kanuni gani? Nygaard na Dahl walifariki wote wawili mwaka 2002, lakini swali hilo bado lina kazi.

MANENO YA KUKUMBUKA
Programu: orodha ya maagizo ya kompyuta.
Kitu: hesabu pamoja na kazi zinazoihusu, mahali pamoja.
Aina: maelezo yanayofuatwa na vitu vinavyofanana.
Urithi: aina ndogo kupokea mambo ya aina kubwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI
1. Katika njia ya hatua, kwa nini ni vigumu kumjua aliyekosea?
2. Ng'ombe wa maziwa na mbuzi ni aina mbili za mifugo. Taja mambo wanayoshiriki, kisha taja la kila mmoja peke yake.
3. Hesabu gani zako zinatunzwa na watu wengine? Umewahi kuzisoma mwenyewe?