Lepe na Malale

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya usingizi. Mchovu hujinyosha akapata lepe; mwingine huuchapa usingizi hata akalala fofofo. Maneno hayo ni ya raha, wala hayamtishi mtu. Lakini katika shina lilo hilo la kulala limechipuka jina la kuogofya: malale. Mwaka 1903 David Bruce alionyesha kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbung'o. Katika nchi ya Biharamulo, ambamo imo Nyantakara, mapori ya mbung'o yaliwafanya watawala wa Kiingereza wawahamishe watu na kuwakusanya mahali pamoja. Basi kando ya mapori hayo, asinziaye mchana kutwa asiitwe mvivu kabla damu yake haijapimwa. Huenda hilo si lepe.