Jinsi ya kusaka maji yanayovuja nyumbani kabla ya kubomoa ukuta

MAJI yanapoonekana yakichuruzika ukutani, jambo la kwanza ambalo wenye nyumba wengi hufanya ni kumwita fundi aje na nyundo na patasi. Saa chache baadaye vigae vimevunjwa, plasta imebanduliwa na vumbi limetanda hadi sebuleni. Mara nyingi bomba lililofukuliwa hupatikana likiwa zima kabisa, kwani maji yalikuwa yakitoka kwingine.

Kosa hilo hutokana na dhana kwamba maji hujitokeza pale yanapovujia. Maji hufuata njia iliyo rahisi kuliko zote. Hutambaa juu ya zege chini ya vigae, hupita ndani ya mifereji ya plastiki iliyofukiwa kwa ajili ya nyaya za umeme, huteleza kwenye mgongo wa bomba lenyewe, kisha hujitokeza mahali palipo chini au penye ufa. Doa la unyevu kwenye kona ya chumba cha kulala huenda chanzo chake kikawa kiungo kilicholegea nyuma ya sinki la jikoni, mita kadhaa kutoka hapo. Katika nyumba za ghorofa hali huwa tata zaidi, kwa kuwa mpangaji wa chini huona doa darini na kumlaumu jirani wa juu yake, ilhali huenda maji yanatoka kwenye bomba linalopita katikati ya kuta za wote wawili.

Kwa sababu hiyo, mafundi waliobobea huanza kazi bila nyundo. Huanza kwenye mita.

Mita nyingi za maji zina kigurudumu kidogo, aghalabu chekundu au chenye umbo la nyota, ambacho huzunguka hata maji machache yanapopita. Funga mifereji yote, hakikisha hakuna anayevuta maji chooni, kisha kitazame kigurudumu hicho kwa dakika kadhaa. Kikiendelea kuzunguka, kuna maji yanayopita. Hata hivyo, tahadhari inahitajika hapa. Ikiwa nyumba ina tangi juu ya paa na tangi hilo bado linajaa, mita itazunguka pasipo kasoro yoyote. Ni sharti tangi lijae kwanza au koki inayoliingizia maji ifungwe. Aidha, mtihani huu haufai kufanywa pindi maji yanaporejea baada ya mgao, kwa kuwa hewa iliyojaa bombani husukumwa mbele ya maji na inaweza kuizungusha mita.

Katika mitaa ambayo maji hupatikana siku chache tu kwa juma, tangi lenyewe linaweza kutumiwa kama mita. Usiku, baada ya kila mtu kumaliza shughuli zake, funga koki ya kuingiza maji, weka alama ya kalamu au utepe pale maji yalipofika, kisha uangalie tena alfajiri kabla ya yeyote kugusa mfereji. Kwa tangi la mviringo lenye kipenyo cha mita moja, kila sentimita ya kina ni karibu lita nane. Maji yakishuka sentimita tano usiku kucha, lita zipatazo 40 zimekwenda mahali ambapo hakuna aliyezitumia. Wenye pampu ya kusukuma maji wana dalili nyingine: pampu inayojiwasha yenyewe saa nane za usiku, kila mtu akiwa amelala, inatangaza kwamba shinikizo la maji limepungua na kwamba kuna tundu mahali fulani.

Inafaa kueleza kwa nini taabu yote hii inastahili. Tone moja kila sekunde kwenye mfereji uliochakaa hufikia takriban lita 20 kwa siku. Choo ambacho mpira wake wa ndani haufungi sawasawa kinaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku bila kutoa sauti ya kumwamsha mtu. Bei ya maji nchini Kenya hupangwa kwa ngazi, hivi kwamba kadiri nyumba inavyotumia uniti nyingi ndivyo bei ya kila uniti inavyopanda. Uniti moja ni lita 1,000. Maana yake ni kwamba maji yaliyovuja hujumlishwa juu ya yale ya matumizi ya kawaida na kulipiwa kwa bei ya ngazi ya juu. Isitoshe, kwa walio na huduma ya majitaka, ada ya huduma hiyo hukokotolewa kutokana na maji yaliyosomwa kwenye mita. Mwenye nyumba hujikuta akilipia kuondolewa kwa majitaka ambayo hayakuwahi kufika kwenye bomba la majitaka, kwani yaliishia ardhini chini ya msingi wa nyumba yake.

Kasoro hii haiko nyumbani pekee. Ripoti za Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji (WASREB) katika miaka ya 2020 zimeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji nchini hayalipiwi, na uvujaji ni mojawapo ya sababu, pamoja na wizi na mita mbovu. Kwa kawaida kampuni ndiyo inayowajibika kwa bomba hadi kwenye mita, na mteja huwajibikia kila kilicho baada ya hapo.

Lakini kuna hatari nyingine isiyotajwa mara nyingi, ambayo ni nzito kuliko bili. Bomba lenye shinikizo husukuma maji nje kupitia ufa. Mgao unapofika na bomba likakauka, shinikizo hilo hutoweka, na maji yanayoteremka kuelekea sehemu za chini huacha nafasi inayovuta. Ufa uleule uliokuwa ukitoa maji hugeuka kuwa mlango wa kuyaingiza yaliyo nje. Kama bomba limepita karibu na shimo la choo au mtaro wa majitaka, uchafu huo hufyonzwa na kusubiri maji yatakaporudi. Jijini Nairobi, ambako mgao ulianza Januari 2017 baada ya maji kupungua katika bwawa la Ndakaini na ambako mitaa mingi imezoea kupata maji kwa zamu, jambo hili si la kinadharia. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo vinaweza kusafiri kwa njia hiyo. Maji ya kwanza yanayotoka baada ya mgao, hasa yakiwa na rangi au harufu, yasiingizwe tangini wala kunywewa. Yaachwe yatiririke kwenye ndoo za kusafishia sakafu au kuvutia choo.

Ikishathibitishwa kwamba maji yanapotea, kazi inayofuata ni kuigawanya nyumba. Funga koki ya tawi linalokwenda jikoni, kisha utazame mita au alama ya tangi. Fungua hiyo, funga ya bafuni. Endelea hivyo hadi litakapopatikana tawi ambalo likifungwa, upotevu hukoma. Nyumba ambayo fundi wake hakuweka koki kwenye kila tawi humnyima mwenyewe mbinu hii, na hapa ndipo ubahili wa wakati wa ujenzi unapolipiwa. Koki moja ya ziada kwa kila bafu ingegharimu sehemu ndogo mno ya bei ya vigae vitakavyovunjwa baadaye.

Choo kiangaliwe kwanza, kwa kuwa ndicho mshukiwa mkuu na ndicho rahisi kuchunguzwa. Tia rangi ya chakula, au hata kahawa nyeusi, ndani ya tangi dogo la choo na usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana ndani ya bakuli, mpira wa chini haufungi. Endapo maji yamepanda hadi kwenye mdomo wa bomba la kufurikia, lawama ni ya boya: ama limewekwa juu mno, ama limeingiwa na maji likawa zito, ama kifungio chake kimechakaa. Tangi kubwa la paa nalo lina boya la aina hiyo, na bomba lake la kufurikia likielekezwa pasipoonekana, maji humwagika kila usiku wa mgao bila mtu kujua.

Choo na tangi visipopatikana na hatia, ni lazima kutofautisha aina tatu za unyevu. Bomba la maji safi huvuja mchana na usiku, wawe watu wamo nyumbani au hawamo. Bomba la majitaka huvuja tu linapotumika. Doa hukua asubuhi watu wanapooga na kukauka kidogo mchana. Unyevu wa mvua hufuata mvua, wakati mwingine ukichelewa siku moja au mbili. Anayeandika kwa siku kumi nyakati ambazo doa linakua na kupungua huenda akamwokolea fundi nusu ya kazi.

Sakafu ya bafu inastahili kuchunguzwa peke yake. Wengi hudhani bomba limepasuka, kumbe ni saruji ya katikati ya vigae iliyokatika na kuyaruhusu maji ya kuoga kupenya. Ziba tundu la kutolea maji kwa kitambaa na plastiki, mimina maji sakafuni hadi kina cha sentimita mbili, uweke alama na kusubiri saa kadhaa. Maji yakishuka na doa la chini likikolea, hakuna bomba la kufukuliwa.

Kwa bomba lililozikwa, sikio bado ni chombo cha kutegemewa. Usiku wa manane, weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bomba au koki, na mpini wake kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Maji yanayopenya tundu dogo kwa shinikizo hutoa mvumo wa mfululizo ambao huongezeka kadiri unavyokaribia. Viungo vilivyo wazi huchunguzwa kwa karatasi ya shashi iliyo kavu, kwa kuwa kidole kinaweza kudanganyika lakini karatasi hulowa papo hapo.

Kabla ya kugusa chochote kilicholowa, umeme uzimwe kwenye swichi kuu. Mitambo ya umeme ya kupasha maji ya kuoga, iliyo katika bafu nyingi nchini, huwa na bomba na nyaya sehemu moja, na ukuta uliolowa karibu nayo unaweza kuua. Swichi ya mtambo huo pekee haitoshi.

Marekebisho yenyewe hutegemea aina ya bomba. Mfereji unaodondoka, ikiwa ni wa aina ya kuzungushwa, kwa kawaida huhitaji kubadilishwa kijimpira cha ndani tu, ambacho mafundi hukiita washa. Anayeukaza kwa nguvu ili usidondoke hulitafuna tako la shaba ambalo kijimpira hulikalia, na baada ya hapo hata kipya hakitafunga.

Viungo vya kuzungusha huzibwa kwa utepe mweupe. Utepe huo umepewa sifa zaidi ya zile unazostahili. Ni lazima nyuzi za chuma zisafishwe na kukaushwa kwanza, na utepe uzungushwe kuelekea upande uleule ambao kiungo kitakazwa, la sivyo utajikunja na kutoka. Kuuzungusha juu ya ule wa zamani ni kupoteza wakati. Kiungo cha plastiki kikazwe kwa mkono kisha kwa spana kidogo tu; wengi hukipasua kwa bidii, na ufa huo hujitokeza wiki kadhaa baadaye.

Mabomba ya plastiki ya PPR, ambayo yametawala ujenzi wa miaka ya karibuni, hayazibwi kwa gundi wala utepe. Sehemu iliyoharibika hukatwa na kipande kipya kuunganishwa kwa mashine inayoyayeyusha katika joto la nyuzi 260 hivi za Selsiasi. Bomba la milimita 20 huwekwa kwenye joto kwa sekunde tano tu, kisha husukumwa moja kwa moja ndani ya kiungo bila kuzungushwa. Kama maji bado yanachuruzika ndani, mvuke utaharibu kiungo. Fundi asiyekuwa na subira ya kulisubiri bomba likauke ataitwa tena.

Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, yaliyo katika nyumba nyingi za zamani, ni habari tofauti. Pwani, hasa kwa wanaotumia maji ya visima yenye chumvi, kutu huyala haraka kutoka ndani. Tundu moja likizibwa, jirani yake hufunguka. Mpira wa tairi la ndani la baiskeli uliofungwa kwa waya unaweza kusaidia kwa siku mbili tatu, wala si zaidi. Bomba likishatoboka mara mbili katika sehemu moja, fedha za kuziba ni afadhali zielekezwe kwenye kulibadilisha lote.

Kwa wapangaji wanaotumia mita moja na wenzao, ambako bili hugawanywa kwa idadi ya nyumba na kila mmoja humshuku mwenzake kwa kufua sana, mtihani wa mita usiku wa manane ufanywe mbele ya mashahidi na namba zake kupigwa picha pamoja na tarehe. Ndio ushahidi utakaowasilishwa kwa mwenye ploti, na hata kwa kampuni ya maji endapo bili itabishaniwa.

Baada ya ukarabati, ukuta usizibwe siku hiyo hiyo. Uachwe wazi walau saa 24, maji yakiwa yamefunguliwa kwa shinikizo lake kamili, na shashi kavu ikiwa imezungushiwa kiungo kipya. Palipo na mgao, isubiriwe siku ya maji, kwa sababu kiungo kinachostahimili maji ya tangi la juu ya paa huenda kisistahimili yale ya kampuni yanapoingia kwa kishindo usiku.