Belbase (Kigoma)

Belbase ni eneo la bandari ya Kigoma ambalo Uingereza iliwapangisha Wabelgiji kwa mkataba wa tarehe 15 Machi 1921. Jeshi la Ubelgiji lilikuwa limeiteka Kigoma mwaka 1916, na lilipoondoka serikali yake ilitaka njia ya kupitishia mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi hadi baharini. Eneo pacha lilitengwa Dar es Salaam, upande wa pili wa Reli ya Kati.

Masharti yake yanastahili kusomwa na kila anayejifunza sheria ya ardhi: upangaji wa milele, kwa kodi ya pango ya faranga moja kwa mwaka. Mwezi Novemba 1961, Julius Nyerere aliukataa msingi huo. Uingereza iliitawala Tanganyika kwa dhamana ya muda tu, kwa hiyo haikuweza kutoa haki inayodumu kuliko mamlaka yake yenyewe. Hoja hiyo ni sahihi, na nguvu yake haijapungua.

Umilikaji usio na kikomo wa watu binafsi nao ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1963. Ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Leo anayemilikishwa kiwanja kilichopimwa katika kata ya Katubuka, ndani ya manispaa hiyohiyo ya Kigoma-Ujiji, hupewa hati yenye ukomo, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Mwisho wa juu kabisa, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ni 99.