Mji Uliojengwa Mara Mbili: Saint-Malo kama Chanzo cha Historia ya Bahari ya Hindi

Saint-Malo, katika pwani ya kaskazini ya Bretagne nchini Ufaransa, ni miongoni mwa miji ya bandari inayopendwa sana na wageni nchini humo. Mgeni huingia kwa lango la ngome, hupanda ngazi hadi juu ya ukuta, kisha huuzunguka mji wote kwa miguu. Ukuta una urefu wa takriban kilomita 2. Upande mmoja huona bahari na visiwa vyenye maboma, na upande wa pili nyumba ndefu za mawe ya matale, zenye mapaa yaliyoinuka na dohani nyingi. Mandhari haya humfanya aamini kwamba anautazama mji wa karne ya 18 kama ulivyoachwa na wenyewe. Imani hiyo ni sahihi kwa sehemu ndogo tu. Insha hii inachunguza kile ambacho mtafiti wa historia anaweza kukisoma katika mawe hayo, na kile ambacho mawe hayo hayawezi kukisema.

Jiografia ndiyo iliyoupa mji tabia yake. Mji wa kale ulisimama juu ya mwamba uliounganishwa na bara kwa ukanda mwembamba wa mchanga, na maji yanayouzunguka ni ya hatari. Wakati wa bamvua, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hufikia mita 12 hadi 13, ilhali katika pwani ya Zanzibar, kwa mfano, tofauti hiyo ni takriban mita 4. Maji yakipwa, kisiwa cha Grand Bé hufikiwa kwa miguu; yakijaa, aliyechelewa hukwama huko hadi yatakapopungua tena. Adui asiyeijua miamba iliyofichika hakuweza kuikaribia bandari bila rubani mwenyeji. Kwa hiyo bahari ilikuwa ukuta wa kwanza, na ukuta wa mawe ulikuwa wa pili.

Ukuta huo ulipanuliwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 18 chini ya mhandisi wa kijeshi Siméon Garangeau, nao umesalia. Nyumba zilizomo ndani hazikusalia. Mnamo Agosti 1944 majeshi ya Marekani yalipigana kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani, na kwa mizinga, mabomu na moto takriban asilimia 80 ya mji ulio ndani ya ngome iliteketea. Baada ya vita ilibidi kuamua kama mji ujengwe kwa sura mpya au kwa sura ya zamani. Chini ya msanifu Louis Arretche ilichaguliwa njia ya kati: mitaa mingine ilipanuliwa, majengo yakapewa mifupa ya kisasa, lakini nyuso zake zikavikwa matale na mapaa yakafuata umbo la kale. Mnara wa kanisa kuu haukukamilika hadi 1972. Sioni sababu ya kuuita mji huu wa bandia, kama wafanyavyo baadhi ya wakosoaji wa ukarabati wa aina hii. Wakazi walirudishiwa mji wanaoutambua, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, mtafiti anayetumia nyuso za nyumba hizo kama ushahidi wa karne ya 18 anasoma, kwa kiasi kikubwa, tafsiri ya karne ya 20.

Tafsiri hiyo ilichagua cha kukumbukwa, na kilichopewa nafasi ya kwanza ni wale ambao Wafaransa huwaita *corsaires*. Neno hili linahitaji tahadhari katika Kiswahili. Kulitafsiri kwa neno “haramia” kunapotosha maana, kwa kuwa haramia, kama asili ya neno lenyewe inavyodokeza, hutenda lililoharamishwa. *Corsaire* alikuwa nahodha binafsi mwenye hati ya mfalme iliyomruhusu kuteka merikebu za adui wakati wa vita, na mateka yake yaligawanywa kwa mujibu wa sheria. Ilikuwa biashara yenye wadhamini, hisa na hesabu. Tena haikuwa chanzo pekee cha utajiri wa Saint-Malo, na pengine haikuwa kikubwa kuliko vingine. Wakati wa Vita vya Urithi wa Hispania (1701–1714) merikebu za mji huu zilizunguka Rasi ya Horn na kurudi na fedha ya Peru. Mwaka 1708 safari nyingine iliyodhaminiwa na wafanyabiashara wake ilielekea Mokha, katika Yemen, kununua kahawa kutoka chimbuko lake badala ya kuipata kwa wachuuzi wa Misri.

Kahawa hiyo ndiyo inayotufikisha katika Bahari ya Hindi ya magharibi. Mnamo Septemba 1715 Guillaume Dufresne d'Arsel, nahodha wa Saint-Malo, aliitwaa Morisi kwa niaba ya Ufaransa, na kisiwa kikaitwa Île de France. Katika mwaka huohuo miche ya mkahawa kutoka Yemen ilifika kisiwa jirani cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion. Mashamba yalihitaji wafanyakazi, na wafanyakazi waliotakiwa walikuwa watumwa. Bertrand-François Mahé de La Bourdonnais, mzaliwa wa Saint-Malo, alifika mwaka 1735 akiwa gavana wa visiwa vyote viwili, akaijenga Port Louis kuwa bandari kamili. Katika utawala wake watumwa waliletwa kutoka Madagaska na Msumbiji, nao ndio waliobeba mawe ya gati na ya maboma. Mahitaji hayo yaliendelea kukua hata kuifikia pwani ya Waswahili. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 kila mmoja. Morice si mtu wa kuhesabiwa katika historia ya Saint-Malo, lakini soko alilolihudumia lilikuwa limefunguliwa na watu wa bandari hiyo.

Robert Surcouf (1773–1827) anaonyesha jinsi kumbukumbu inavyochuja. Sanamu yake ya mwaka 1903 imesimama karibu na ukuta wa ngome, mkono ukielekezwa baharini, na kila mgeni husimuliwa jinsi alivyoiteka merikebu ya Kiingereza Kent mwezi Oktoba 1800, ingawa ilikuwa kubwa kuliko yake na ilikuwa na watu wengi zaidi. Ni kweli, na ni tendo la ushujaa. Ila kabla ya hapo, akiwa nahodha wa La Créole, alishiriki kusafirisha watumwa katika Bahari ya Hindi, na hilo lilifanyika baada ya Konvensheni ya Taifa mjini Paris kufuta utumwa mnamo Februari 1794. Wenye mashamba wa Mascarene waliikataa amri hiyo, na manahodha kama yeye walikuwa tayari kuwahudumia.

Hali inafanana kwa Chateaubriand, mwandishi mashuhuri aliyezaliwa mjini humo mwaka 1768. Kaburi lake liko Grand Bé, likiwa na msalaba wa jiwe lakini halina jina. Baba yake, René-Auguste, alijipatia mali baharini, ikiwemo biashara ya watumwa, na kwa mali hiyo akainunua ngome ya Combourg mwaka 1761, ambamo mwandishi aliishi sehemu ya utoto wake.

Zipo nyumba chache za wenye merikebu zilizonusurika mwaka 1944. Mojawapo ni Hôtel d'Asfeld, iliyojengwa kwa ajili ya François-Auguste Magon de la Lande, mkurugenzi wa Kampuni ya Ufaransa ya Mashariki ya Hindi. Ghala zake za chini na vyumba vyake vya juu vinaonyesha bidhaa na familia zikiwa chini ya paa moja. Ushahidi mzito zaidi, hata hivyo, hauko ndani ya ngome. Kumbukumbu za mahakama ya bahari ya Saint-Malo zimehifadhiwa Rennes, katika hifadhi ya nyaraka ya wilaya ya Ille-et-Vilaine. Mtafiti wa Kilwa au wa Msumbiji atakayezifungua atapata majina ya merikebu na ya manahodha, na tarehe za kuondoka na kurejea. Waliosafirishwa katika shehena watamjia zaidi kama idadi.