Mgosi Anaporudi Kaya: Juma Mgunda na Deni la Mwaka 1988

Betri za redio ya mjomba hazikuanikwa juani kama za watu wa nyika. Huku Zirai, milimani mkoani Tanga, jua lenyewe ni la kuvizia. Ukungu hupanda kutoka mabondeni alfajiri, na siku nyingine saa sita inafika bado umelala juu ya majani ya chai. Kwa hiyo mjomba alizipanga betri kando ya mafiga, juu ya kigae cha chungu kilichovunjika, akizigeuza mojamoja kama mtu anayechoma mihogo. Zikishapata joto, alizipangusa majivu kwa upindo wa kanzu na kuzirudisha redioni. Sisi watoto tulikaa kimya. Ilikuwa mwaka 1988, na Coastal Union walikuwa wanacheza.

Watangazaji wa Redio Tanzania wa enzi ile, akina Ahmed Jongo na Charles Hilary, walikuwa na uwezo wa kukufanya uone uwanja ambao hujawahi kuukanyaga. Mimi niliuona Mkwakwani, uwanja wa Coastal, miaka mingi kabla sijaufikia kwa miguu yangu. Niliwajua wachezaji kwa jinsi majina yao yalivyotamkwa: Mohamed Mwameja langoni, Hussein Mwakuruzo, Razack Yusuf tuliyemwita Careca kwa jina la yule Mbrazili, na Juma Mgunda. Mjomba alipolisikia hilo la mwisho alikuwa anapiga paja lake na kusema, "Mgosi huyo!" Halafu anasogeza sikio karibu zaidi, maana betri zilikuwa zimeanza kupoa.

Msomaji wa leo anaweza asielewe uzito wa mwaka ule. Ubingwa wa Tanzania Bara, wakati huo ukigombewa katika Ligi Daraja la Kwanza, ulikuwa kama mali ya Dar es Salaam. Mara chache mno ulipanda basi kwenda mkoani. Mwaka 1986 Tukuyu Stars waliupeleka Mbeya, nchi nzima ikashangaa. Mwaka 1987 Yanga wakaurudisha Dar. Mwaka 1988 Coastal Union wakaufikisha Tanga, na tangu hapo haujarudi tena. Kijana aliyezaliwa Tanga mwaka ule sasa ni mtu mzima mwenye watoto wa shule, na hajawahi kuuona ubingwa wa ligi ukishuka katika mji wake.

Klabu yenyewe ilianzishwa mwaka 1948. Maskani yake ni Barabara ya 11, katika ule mji wa mitaa yenye namba ambako mtu akikuelekeza nyumbani kwake anakutajia hesabu tu. Jirani na mtani wake wa jadi ni African Sports, Wana Kimanumanu. Mpira wenyewe ulikuwa na njia nyingi za kuingilia pande hizi. Kulikuwa na bandari na mabaharia wake, reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, na mashamba ya mkonge yaliyokusanya vijana wa makabila yote kwenye kambi moja. Na kulikuwa na shule. Wamisionari wa UMCA, ambao wanafunzi wao wa Kiungani kule Unguja ni miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa pwani hii kucheza soka, ndio haohao waliokuwa na kituo kikubwa Magila, chini ya milima yetu. Sishangai kwamba kuna vijiji huku juu ambavyo uwanja wa mpira ni wa zamani kuliko barabara ya gari.

Jina la utani la Coastal ni Wagosi wa Kaya. Mgosi kwa Wabondei ni mwanamume. Wasambaa tunasema mgoshi. Kaya ni nyumbani. Kwa hiyo klabu ya mjini, ya pwani, kando ya bahari, inaitwa kwa maneno ya watu wa milimani na wa chini ya milima. Ndiyo maana hapa Zirai hakuna aliyewahi kuiona Coastal kuwa timu ya wenyewe wa mjini. Jina lake ni letu. Ukiniuliza mzizi wa haya yote ninayoyaandika, nitakuambia ni hilo neno kaya. Timu iliyojiita ya nyumbani inamdai kila aliyeichezea kitu ambacho mkataba hauwezi kukiandika, nacho ni kurudi.

Na kurudi hakukuwa rahisi, kwa sababu Tanga imekuwa ikitoa kuliko inavyopokea. Baada ya ubingwa, nyota wakaanza kushuka kituo cha basi na mabegi yao kuelekea Dar. Mwameja akaenda Simba, na mwaka 1993, Simba walipofika fainali ya Kombe la CAF na kufungwa na Stella Abidjan ya Ivory Coast, Mwameja alikuwa golini. Tulimshangilia. Tulijua hata hivyo kwamba tunamshangilia mtoto wetu akiwa nyumbani kwa watu. Miaka hiyohiyo mji wenyewe ulikuwa unapungua nguvu. Mkonge ulikuwa umeshuka bei muda mrefu, na kiwanda cha mbolea kilichokuwa fahari ya mkoa kilifungwa mwaka 1991. Timu ya mpira hula kutoka kwenye sufuria ileile ya mji wake. Viwanda vikizima moto, hata jezi mpya inakuwa mjadala wa wiki nzima.

Coastal ilishuka daraja, ikapanda, ikashuka. Mwaka 2011 ilirejea Ligi Kuu na watu wakadhani dhiki imekwisha. Kisha ukaja msimu wa 2015/16, ambao wana Tanga wengi hawapendi kuutaja. Mkoa ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Zote tatu zilishuka kwa pamoja. Nakumbuka mzee mmoja wa hapa kijijini aliyekuwa akija kwenye kahawa kila jioni kusikiliza michezo. Baada ya msimu ule aliendelea kuja, anakunywa kahawa yake na kashata, na ikifika saa ya habari za michezo anaaga. Hakueleza sababu, nasi hatukumuuliza.

Timu iliporejea Ligi Kuu msimu wa 2018/19, aliyekuwa benchi la ufundi ni Juma Mgunda.

Lile jina lililokuwa likija na kupotea kwenye redio ya mjomba sasa lilikuwa la mtu mzima, mwenye mwili, mwenye sauti ya kuamrisha, aliyesimama pembeni ya uwanja uleule. Huko nje gumzo kubwa la msimu lilikuwa Alikiba, mwanamuziki, kusajiliwa na Coastal, na waandishi wa Dar walikuja na kamera zao kwa ajili yake. Sina neno baya kwa hilo, timu inahitaji watu waje uwanjani. Lakini kwenye vijiwe vya kahawa huku kwetu aliyezungumzwa ni Mgunda. Wazee walizungumza naye kana kwamba anawasikia, wakimlaumu kwa kumtoa beki, wakimsamehe, wakiwaeleza vijana yeye mwenyewe alikuwa mchezaji wa namna gani. Kocha mgeni akifungwa anatukanwa. Mgunda akifungwa aliombewa. Hiyo ndiyo tofauti niliyoiona kwa macho yangu kati ya kocha aliyeajiriwa na mgosi aliyerudi.

Alirudi na kazi ya kufanya, tena ngumu. Timu haikuwa na fedha za kushindana na Simba, Yanga au Azam kwenye usajili, hivyo ilibidi ilee. Kutoka kikosi kile Bakari Nondo Mwamnyeto, beki wa kati mwenye utulivu wa mtu mzima, alichukuliwa na Yanga mwaka 2020, na baadaye akavaa kitambaa cha unahodha wa timu hiyo. Mwaka huohuo Ibrahim Ame akaenda Simba. Julai 2019 Mgunda mwenyewe aliitwa kuwa msaidizi wa Etienne Ndayiragije kwenye benchi la Taifa Stars, pamoja na Suleiman Matola, na timu ile ikafuzu michuano ya CHAN. Naamini wazee wa Barabara ya 11 walijua kitakachofuata. Mtu akishaonekana Dar, Dar haimsahau.

Kabla Dar haijamwita kulikuwa na Arusha. Tarehe 2 Julai 2022, kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Coastal ya Mgunda ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam dhidi ya Yanga, timu ambayo msimu ule ilikuwa haijapoteza hata mechi moja ya ligi. Abdul Suleiman, Sopu, akafunga mabao matatu peke yake. Mabao matatu kwenye fainali, dhidi ya Yanga ile! Mchezo ukaisha 3-3 baada ya dakika 120, na Coastal wakafa kwa matuta. Mjomba hakuwahi kuiona mechi ile, alikuwa ameshatangulia. Mimi niliitazama kwenye banda la video, na Sopu alipofunga la tatu nilijikuta nimepiga paja langu kama yeye.

Sopu akaenda Azam. Na Septemba mwaka huohuo, Simba walipoachana na kocha Zoran Maki msimu ukiwa mbichi kabisa, walimwita Mgunda.

Mashabiki wa Simba walimpokea kwa jina la Guardiola Mnene, na akawapa walichokitaka. Waliwatoa Big Bullets wa Malawi, wakawatoa Primeiro de Agosto wa Angola, wakaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Huku kwetu mambo yalikuwa na pande mbili. Mtanzania wa mkoani kwa kawaida ana timu mbili moyoni: ya nyumbani, halafu Simba au Yanga. Miaka yote timu hizo mbili zinaishi pamoja bila ugomvi, kama wake wenza wenye nyumba tofauti. Mgunda alizikutanisha sebuleni. Wagosi walio Simba walitembea kifua mbele, wakisema ameitwa mwalimu wa kwao kuja kuokoa timu kubwa. Wagosi walio Yanga walinyamaza, wengine wakasema wazi kwamba wameibiwa. Kwenye kahawa yetu ndugu wawili wa tumbo moja walikaa mabenchi tofauti kwa muda wa wiki mbili hivi.

Kisha ratiba ikafanya kazi yake. Tarehe 3 Desemba 2022 Simba walikuja Mkwakwani, na benchi lao lilikuwa la Mgunda.

Kutoka Zirai walishuka vijana wengi, wengine kwa bodaboda hadi Muheza ili wapate gari la Tanga. Mimi nilibaki na wazee bandani. Kamera ilipomwonyesha Mgunda akiingia uwanjani upande wa wageni, banda lilipoa. Jezi nyekundu nyuma yake, wagosi mbele yake. Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti ya chini, "Kaja kaya." Hakuna aliyemjibu. Simba walishinda 3-0. Kila bao lilipoingia, nusu ya banda iliruka na kukaa haraka, kama watu walioshangilia msibani kwa bahati mbaya.

Nimelifikiria sana tukio lile. Tunaposoma habari za kurudi nyumbani katika soka la dunia, picha inayokuja ni ya Carlos Tevez mwaka 2015, akitoka Juventus moja kwa moja baada ya kucheza fainali ya Ulaya, kuvaa tena jezi ya Boca Juniors mbele ya uwanja uliofurika. Nyota anarudi miguu ikiwa bado na mabao, mfuko ukiwa umejaa. Kwetu njia hiyo ni nyembamba. Mchezaji wa kizazi cha 1988 hakuwa na fedha za kumruhusu kuchagua mahali pa kumalizia mpira wake. Alichonacho ni kichwa, macho na jina, na hivyo vinafaa benchi. Ndiyo maana nyota wetu hurudi kama mwalimu, nywele zikiwa zimepungua, na mji humpokea kwa kile alichowahi kuwa na kwa kile ambacho bado kinasubiriwa. Mgunda aliposimama upande wa pili, hasira za watu hazikutoka kwenye yale mabao matatu tu. Lile deni la mwaka 1988 lilikuwa limehamishiwa kwenye daftari la mtu mwingine.

Lakini pia nimewaona walewale waliokasirika wakimfuatilia kila alikokwenda baada ya hapo, kwa Simba Queens na kwingineko, na kumtaja bado kama mtu wa nyumbani aliyesafiri. Tanga ina usemi wake wa zamani, waja leo waondoka leo. Wageni huufurahia, wakidhani ni sifa ya mji usiomshika mtu. Sisi tunaujua upande wake mwingine, kwamba aliyeondoka leo anawekewa chakula, na sufuria haioshwi mpaka ijulikane amelala wapi.

Jumapili iliyopita nilipita uwanja wa shule. Umelala mteremkoni, na goli la chini lina faida ya hatua kama tano, hivyo wanagawana kwa kurusha jani la chai. Mpira ukitoka upande wa bondeni, mmoja lazima ashuke hadi kwenye iliki kuufuata, na wenzake wanasubiri wameshika viuno. Pembeni palikuwa na mtu mzima, mchezaji wa zamani wa timu ya kata aliyefanya kazi Dar miaka mingi na kurudi mwaka huu kulima. Alikuwa na filimbi shingoni iliyofungwa kwa kamba ya katani. Kijana mmoja alipouchelewesha mpira huko chini, alimwita kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "Mgoshi, uleteee!" Kijana akatokea kati ya majani, miguu imelowa umande mpaka magotini, mpira chini ya kwapa, anapanda mbio.