Mbegu Ndani ya Sufuria

Neno sufuria ni kongwe kuliko alumini. Lina asili ya Kiarabu, sufr, yaani shaba, na zamani sufuria za pwani zilikuwa za shaba kweli. Alumini ilianza kuwa rahisi baada ya 1886, Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa walipovumbua, kila mmoja kivyake, namna ya kuitoa kwa umeme. Ikafika mpaka jikoni kwetu, ikarithi jina.

Kisauni nilikokulia kulikuwa na mzee akiyeyusha skrepu, pistoni na fremu za madirisha, kisha akisubu sufuria kwenye kalibu za mchanga. Ikitoka moja na ufa ama vitundu, watu wanasema mzee hajui kazi. Hata mimi nilisema.

Kumbe mambo yako ndani. Alumini safi inaganda kwenye nyuzi 660, na inaganda chembe chembe. Chembe zikiwa chache, zinakua kubwa na kuziba njia. Wakati huo alumini inasinyaa, asilimia 6 hivi, na uji uliobaki haupati pa kupita kujaza pengo. Hapo ndipo panachanika, ama panabaki shimo. Chembe zikiwa ndogo na nyingi, uji unapenya na mvutano unagawanyika.

Mwaka 1949 mtafiti A. Cibula, huko Uingereza, alieleza kwa nini titani kidogo tu inaleta chembe ndogo: inazaa vijiwe ndani ya uji, na kila kijiwe kinakuwa mbegu. Leo viwanda hutia vijiti vya alumini yenye titani asilimia 5 na boroni asilimia 1.

Si dawa ya kila kitu. Skrepu yenye maji na mchanga mbichi huingiza haidrojeni, na gesi hiyo huacha vitundu. Chembe ndogo huvitawanya tu, hazivifuti.

Mzee hakuwa na titani. Alikuwa na sheria mbili: skrepu ianikwe juani kwanza, na uji usimwagwe ukiwa moto kupindukia. Ya kwanza inapunguza gesi. Ya pili inafanya chembe ziwe ndogo, manake uji usiopashwa sana huanza kuganda mahali pengi kwa pamoja. Cibula aliandika, jina lake likabaki vitabuni. Mzee alisema kwa mdomo, nasi tukimcheka. Sufuria yake moja bado ninayo, na haivuji.